Lois Wakesho Makau na Mkono Ambao Hakuzaliwa Nao

Aliyelala hapa mbele yetu ni Lois Wakesho Makau, ambaye Voi nzima ilimjua kwa jina la Mama Koki. Angetuona tumeketi kimya hivi saa hizi za mchana, angeuliza kama kuna yeyote aliyekula. Familia imeomba maisha yake yasomwe jinsi yalivyokuwa, bila kutiwa sukari. Yeye mwenyewe hakuvumilia sukari mahali pasipo pake.

Wakesho alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1963 huko Chawia, na kwetu msichana wa alfajiri huitwa Wakesho. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Elijah Mwakisha na marehemu Mama Mghoi. Baada ya miaka mitatu akafuatwa na mdogo wake, Rita. Katika ukoo wa mama yao palikuwa na jambo lililosemwa kwa kujivuna kidogo, kwamba wanawake wa ukoo ule wana mkono. Mkono wa kusonga kimanga. Kwa wageni wetu kutoka bara, kimanga ni muhogo na maharagwe vilivyochemshwa, vikapondwa na kusongwa pamoja mpaka viwe kitu kimoja. Kama hamjakionja, subirini ibada iishe. Ilisemekana kwamba mkono huo haufundishwi. Unazaliwa nao, au unazaliwa bila.

Wakesho alizaliwa bila. Mwaka wa 1972, akiwa na miaka tisa, alipikia wageni kwa mara ya kwanza. Mjomba wake Sylus, mdogo wa mama, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye viatu vipya na maneno mengi, aligeuza tonge mkononi, akalitazama huku na huku, akauliza, "Dada, hiki ni cha kula ama tunajengea?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama Mghoi akajaribu kumsitiri binti yake. "Damu imemruka tu huyu," akasema. "Itatua kwa Rita."

Na kweli ilitua kwa Rita. Rita alishika mwiko akiwa na miaka saba, hajaonyeshwa na mtu, macho yake yako nje kwa mbuzi, na kimanga kikatoka laini hata wazee wakaomba kuongezewa. Rita yuko hapa leo na hakatai: hakujua alifanyaje, na hajui mpaka sasa.

Kutoka siku ile Wakesho alibeba jambo moja moyoni. Hakutafuta kusifiwa, kwa sababu sifa alikuja kuzipata za kutosha na nyingine akazirudisha. Alitaka siku moja watu wake wakubali kwa vinywa vyao kwamba mkono unafundishika.

Alianza shule ya msingi pale pale Chawia mwaka wa 1970 na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1976. Alipenda hesabu na kubishana, na walimu wengine hawakuona tofauti. Aliingia kidato cha kwanza mwaka wa 1977, lakini mwaka uliofuata babake aliachishwa kazi kwenye shamba la mkonge, na Wakesho akarudi nyumbani akiwa kidato cha pili. Mbele ya wageni hakulalamika. Wageni wakishaondoka, alilalamika kwa ufasaha mkubwa.

Mwaka wa 1981 aliteremka Voi na kupata kazi ya jikoni katika shule moja ya bweni. Alikuwa akisema kwamba jikoni ya bweni haina ukoo: watoto mia nne wakiwa na njaa hakuna anayeuliza nyanya yako alikuwa nani. Huko alijifunza kupika kwa kupika. Kila Jumamosi, akishamaliza kazi ya shule, alichemsha muhogo wake mwenyewe kwenye jiko dogo la nyuma na kusonga kimanga, kisha akawalisha walinzi wa lango. Walinzi hao waliteseka. Walikula kimanga kikavu, wakala cha majimaji, wakala chenye madonge, na mmoja wao alimwomba kwa upole apumzike hata wiki moja.

Alikuwa likizoni Chawia, amekaa jikoni anamtazama mamake akipika, alipoona kitu ambacho amekipita miaka yote. Mama Mghoi hakuwa akimwaga yale maji ya maharagwe. Aliyaweka kando, na alipokuwa akiponda, sufuria ikiwa bado motoni, aliyarudisha kidogo kidogo.

"Mama, hayo maji ni ya nini?"

"Maji gani?"

"Hayo unayotia."

Mama Mghoi akautazama mkono wake kama wa jirani. "Ala! Kumbe natia maji?"

Hakuwa mchoyo. Hakujua tu kwamba anafanya hivyo; mamake alifanya, naye akafanya, na wote wakaita damu. Wakesho alirudi Voi akacheka njia nzima. Kwa miaka mingi baadaye alipenda kusema kwamba damu ya ukoo wao aliitafuta sana, akaikuta ni maji ya maharagwe.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Hakuwahi kudai kwamba kipawa hakipo. Rita alipopika, Wakesho alikula kimya, na kwake kukaa kimya ilikuwa kazi nzito. "Rita amepewa," alisema. "Mimi nimeokota. Lakini ukiwa na njaa huwezi kujua ni kipi kilichopewa na ni kipi kilichookotwa."

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa kanisani Voi na Danson Makau, taniboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, aliyekuja kuwa dereva mwenyewe, kijana mpole wa Kikamba kutoka Miasenyi. Huko Chawia watu walinung'unika kidogo. Ukamba wa Danson haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mamake, marehemu Mama Nthambi, aliyekuwa akiuza chai na mayai ya kuchemsha kando ya barabara kuu. Nyumbani kwa Mzee Mwakisha chakula kilichopikwa kilikuwa cha kumkaribisha mgeni. Kukiuza kulionekana kama kuuza salamu.

Mama Nthambi alipoonja kimanga cha mkwe wake mara ya kwanza, aliweka kijiko chini.

"Hiki umekuwa ukikificha wapi?"

"Ni chakula cha wageni, mama."

Mama Nthambi akanyoosha kidole kwenye msururu wa malori. "Na wale pale ni kina nani? Wenyeji?"

Wiki iliyofuata Wakesho alikuwa barabarani. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya sufuria iliyofunikwa, mikono ameikunja, macho chini. Mama Nthambi alimvumilia mpaka akashindwa. "Wewe mtoto, unauza ama unakiombea?" Ndipo akamfundisha kuita, kumtazama mtu machoni kabla lori halijasimama sawasawa, na kumjibu dereva kabla hajamaliza kutukana. Mwanafunzi akampita mwalimu. Dereva mmoja alichungulia sahani akauliza, "Mama, hii ni simenti?" Wakesho akamjibu, "Ni simenti, na wewe naona una ufa. Keti." Dereva yule aliketi, na akawa mteja wa miaka kumi na saba.

Mzee Mwakisha hakukubali. Kwa miaka minne hakukanyaga pale. Kisha siku moja mwaka wa 1991, akisafiri kwenda Mombasa, basi lilisimama Miasenyi na abiria mmoja mrefu akashuka, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Aliagiza kimanga, akala, akaongeza, akalipa kama msafiri yeyote. Wakesho alimpa chenji kwa mikono miwili. Mzee alirudi kwenye basi akaketi dirisha la upande wa pili, na kutoka siku hiyo hakuna aliyemsikia akilinganisha chakula na salamu.

Tarehe 12 Juni 2004 Wakesho alifungua hoteli yake Kaloleni, hapa Voi. Pande zote mbili za familia zilihudhuria, na kila upande ulikuja kuchukua sifa zake. Mjomba Sylus alisimama akatangaza kwamba ile ni damu ya ukoo wao iliyojidhihirisha hatimaye. Mama Nthambi, aliyekuwa mzee wakati huo lakini ulimi bado kijana, hakungoja amalize. "Hiyo damu yenu ilikuwa imejificha jikoni inaona haya. Ni mimi niliyeitoa nikaipeleka barabarani!" Mchungaji naye akasimama akasema ni baraka za Mungu, na makofi yakapigwa kwa kila msemaji. Wakesho akatokea mlangoni na mwiko. "Mkishamaliza kunigawana," akasema, "nani ataosha sufuria?"

Kwa hoteli hiyo yeye na Danson waliwasomesha watoto wao wawili, Festus na Koki, mpaka wakamaliza, na mpwa mmoja ambaye bado anasema anamalizia. Vijana wa kanisa walimwalika mara moja awaeleze siri ya kufanikiwa. Wote walikuja wakijua atasema bidii. "Bidii?" akawauliza. "Punda wa Maundu ana bidii kuliko mimi, na hajafungua hoteli." Wakacheka. Naye hakucheka. Maundu alikuwa jirani yake Miasenyi, mtu aliyechota na kuuza maji kutoka giza hadi giza, na alizeeka vile vile alivyoanza. Wakesho aliwaambia wale vijana kwamba yeye alifanya kazi sana, ndiyo, lakini pia alikuta mama aliyekuwa na kitu cha kuigwa, mama mkwe aliyekataa aibu, na barabara iliyopita mlangoni. "Maundu hakukosa bidii. Alikosa mtu wa kumwonyesha maji ya maharagwe." Kisha akawaambia kila mmoja wao ana kitu anachokijua ambacho mwenzake hajaonyeshwa, na kwamba kukinyamazia ni uchoyo hata kama hukukusudia.

Jumatatu tarehe 6 Februari 2023, akiwa jikoni, alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitalini hapa Voi, na aliporudi nyumbani mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yalimtoka moja moja. Kwa mwanamke aliyezoea kuwahi maneno ya wenzake, huo wa pili ulikuwa mtihani mkubwa kuliko wa kwanza.

Mwezi wa Machi wazee wa pande zote mbili waliketi. Danson alikuwa amechoka na hakuficha. Mjomba Sylus alisema waziwazi kilichokuwa akilini mwa wengi: mkono umekufa, mwenye damu hayupo, hoteli ikodishwe kwa watu wengine. Kama kuna wa kuiokoa basi ni Abby, binti wa Rita, aliyerithi mkono wa mamake bila shaka yoyote. Abby alikuja mwisho wa wiki moja akapika, na kimanga kilikuwa cha ajabu. Jumatatu alimwendea marehemu kitandani.

"Mama mkubwa, kupika naweza. Kuamka na jogoo kila siku ya Mungu ndiyo siwezi. Mimi nina kazi yangu Wundanyi na naipenda."

"Umesema... ukweli," Wakesho akamjibu, "kuliko... ukoo mzima."

Kisha akawaomba wazee kitu kimoja. Wampe mpaka Pasaka ya mwaka unaofuata. Hoteli ikishindwa, ikodishwe, naye hatafungua mdomo tena juu ya mkono na kufundishika. Wakampa, wengi wao kwa huruma.

Jikoni mwake alikuwapo Sharon, msichana kutoka Bungoma aliyeletwa Voi na kazi ya babake na kuajiriwa kuosha vyombo. Siku alipoona kimanga mara ya kwanza aliuliza kama ni ugali ulioharibika. Wakesho aliwekewa kiti mlangoni mwa jikoni, fimbo mkononi, mkono wa kushoto. Kwa kuwa maneno yalichelewa, walipatana kutumia fimbo. Akigonga sakafu mara moja, Sharon atie maji. Mara mbili, aache. Akigonga mfululizo, amefanya upumbavu, aanze upya. Miezi ya kwanza majirani walidhani kuna fundi anayevunja sakafu. Wateja wengine walihama. Wengine walibaki kwa sababu walimpenda mama, wakila kwa ujasiri. Danson mwenyewe alimaliza sahani kila siku bila kusema neno, na Wakesho alimtazama uso kuliko alivyotazama sahani. Fimbo ikapunguza kelele pole pole. Kufikia Desemba iligonga mara moja moja tu, na wateja waliohama walikuwa wamerudi wakijifanya walikuwa safarini.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi 2024, wazee walifika Kaloleni kuamua. Walikula kwanza, kwa sababu hakuna anayeamua na njaa. Mjomba Sylus alimega, akatafuna, akafumba macho.

"Huu," akasema, "ndio mkono wenyewe. Mkono wa dada yangu Mghoi mtupu! Naapa mbele yenu, hii ni damu yetu. Abby, Mungu akubariki mjukuu wangu."

Abby alikuwa amejaza mdomo. "Babu, mimi nimeteremka kwa gari sasa hivi. Hata mkoba sijaweka chini."

"Basi ni Rita."

"Mimi?" Rita akasema. "Mimi nimekuja kula kama wewe."

"Sasa ni nani?"

Wakesho akainua fimbo akagonga sakafu mara moja. Sharon akatoka jikoni mbio, jagi mkononi, jasho usoni. "Maji, mama? Si nimetia!"

Meza nzima ilimtazama Sharon, kisha ikamtazama mjomba. Mjomba alitafuna muda mrefu kuliko tonge lilivyohitaji. Halafu uso ukamng'aa. "Aaa! Nimeelewa. Huyu ni Mluhya. Hao kusonga wanazaliwa nako!"

"Mzee," Sharon akasema, "kwetu nilichapwa kwa kupika ugali mbichi. Mamangu alisema nikiolewa nitarudishwa siku ya pili."

Wakesho alicheka mpaka machozi. Kicheko chake wakati huo kilikuwa cha upande mmoja, lakini kilitosha pande zote. Mjomba Sylus alisukuma sahani mbele ili aongezewe, na suala la kukodisha hoteli halikutajwa tena.

Mwaka mmoja na nusu uliofuata marehemu aliufurahia. Fimbo ilisimama kando ya kiti bila kazi. Sharon alianza kumfundisha mwosha vyombo mpya, na Wakesho akamsikia akimwambia msichana yule, kwa sauti na ukali ambao kila mtu aliutambua, asithubutu kumwaga maji ya maharagwe. Kiharusi cha pili kilimpata mwanzoni mwa Oktoba. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, hospitalini Voi, mume wake na wanawe wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Kamati ya mazishi ilipoketi kuandaa maneno haya, palizuka swali. Sharon aandikwe wapi, kwa wafanyakazi au kwa watoto? Wengine walisema kitabu cha mazishi kina utaratibu wake, na damu ni damu. Mjomba Sylus, mwenye miaka sabini na mitano sasa, aligonga meza.

"Mwandikeni kwa watoto."

"Mzee, lakini si wa damu."

"Mimi niliapa mbele ya watu kwamba ni damu yetu, mdomo ukiwa umejaa chakula chake. Mnataka nionekane mwongo?" Walioketi karibu naye wanasema sauti ilimshuka. "Mpwa wangu nilimcheka akiwa na miaka tisa. Mkono unafundishika. Andikeni hivyo pia, na mwandike ni mimi nimesema."

Imeandikwa.

Marehemu ameacha mume, Danson Makau, watoto watatu, Festus, Koki na Sharon, wajukuu wawili, Valentine na Nzau, dada, Rita, mpwa, Abby, na yule mwingine anayemalizia, mjomba, Mzee Sylus, na Kaloleni nzima, ambayo leo mchana italishwa na wanawe.

Bwana ampokee mtumishi wake, na ampe pumziko lililojaa amani.